Kura za Watu wa Kyuso

Kyuso,
12 Februari 1984

Kwako Shemeji Waringa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima hapo Kiboko. Sisi huku tuko, tunamshukuru Mungu. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ilinyesha siku nne ikaacha. Ndengu zilitoa maua, kisha zikakauka na maua yake. Mguu wangu ni ule ule, naufunga kitambaa asubuhi, nafungua jioni. Mke wangu Kaluki anakusalimu sana.

Ndugu yangu Nzuki hatoki midomoni mwa watu hapa, ingawa ni mwaka wa nne tangu tumzike. Bado wanasimulia siku ile ndege ilipotua kwenye uwanja wa mpira wa shule, naye akashuka na ovaroli lake la fundi, na akina mama wakakimbia kuipapasa mabawa. Wanasimulia pia alivyojijengea nyumba ya mawe hapo Kiboko. Mimi huwaambia nyumba hiyo ndiyo inayomtunza mjane wake, yaani wewe, mpaka leo.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Nimepokea karatasi kutoka kwa kampuni yetu, Nzaui Air. Wanasema hali ni mbaya: mafuta yamepanda, watalii wamepungua, na katika zile ndege tatu moja haijaruka tangu Agosti. Wanataka wenye hisa tukutane mwezi wa sita tuamue. Ama tuuze ndege mbili pamoja na banda na kiwanja chote cha Kiboko, tugawane, halafu ile moja ikodishwe Nairobi. Ama tununue hisa mpya ili kampuni ipate nguvu ya kuendelea.

Wewe unaishi hapo hapo. Niambie unachokiona kwa macho yako, si kilichoandikwa na wakubwa. Unajua ni mimi niliyesimama mbele ya kanisa mwaka wa 1969 nikawaambia watu wanunue hisa. Walikuwa arobaini na sita. Walinunua kwa sababu nilikuwa mwalimu wa watoto wao, na kwa sababu ndugu yangu alikuwa fundi ndani ya kampuni.

Ni mimi shemeji yako,
Kilonzo


Kiboko,
3 Machi 1984

Shemeji Mwalimu,

Salamu nyingi. Barua yako ilichukua siku kumi na saba kufika, nadhani ilipumzika Mwingi. Mimi sijambo, ila kifua kidogo kwa sababu ya vumbi. Msalimie Kaluki, mwambie bado natumia ule mwiko alionipa.

Umeuliza ninaona nini. Nitakuambia. Ile ndege isiyoruka imetolewa magurudumu, imewekwa juu ya mawe. Kuku wangu mmoja anataga chini ya bawa lake. Marubani walikuwa watano, leo amebaki mmoja, kijana wa Machakos, na mimi humpikia chakula cha mchana kama nilivyokuwa nikiwapikia wote. Meneja alienda likizo mwezi wa kwanza, hajarudi. Asubuhi bado nafagia banda kama zamani. Nikifika pale meza ya Nzuki ilipokuwa, nafagia polepole, kisha naondoka.

Lakini Shemeji, ningekuwa wewe singekimbilia kuuza. Kitu kikiuzwa kimeuzwa. Watalii wanaweza kurudi. Ngojeni kidogo.

Kwa mambo yangu usiwe na wasiwasi. Sina shida.

Waringa


Kyuso,
Ijumaa Kuu, 20 Aprili 1984

Kwako Shemeji Waringa,

Amani ya Bwana iwe nawe. Leo ibada ilikuwa fupi kwa sababu watu hawana nguvu ya kusimama. Mvua ya mwezi wa tatu haikuja kabisa. Ndululu jirani yangu alikuwa na ng'ombe kumi na moja, amebaki na wawili, na hao wawili anawainua asubuhi kwa kamba ndio wasimame. Kaluki hajambo, anakusalimu.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Unasema tungoje, lakini hukusema kwa nini. Huku kungoja kumekuwa kazi ngumu. Juzi Mbinya, yule mama anayeuza kamba za katani, alikuja na cheti chake cha hisa amekikunja ndani ya leso. Aliniuliza hisa zake ni sehemu gani ya ndege. Nikamweleza kwamba hisa si sehemu unayoweza kuigusa. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nilitoa mbuzi ninayeweza kumgusa. Niambie ni bawa au ni kiti, niende nikakikate."

Wengine hawaji kuniuliza, na hao ndio wabaya zaidi. Kanisani benchi yangu ilikuwa ya watu sita. Siku hizi nakaa peke yangu, na hakuna aliyenifukuza wala aliyesema neno.

Mpango wetu ni huu. Tukiuza, tutachanga fedha hizo pamoja, tumkodi Kivuva na lori lake aende mpaka Kitale kuleta mahindi. Hapa hata mwenye shilingi hapati duka lenye kitu. Watu wameuita ukame huu nikw'a ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika pesa.

Nieleze unachofikiria. Usinifiche.

Kilonzo


Kiboko,
14 Mei 1984

Shemeji Mwalimu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa habari zenyewe zilinifanya nikae chini. Huku kwetu mto bado una maji kidogo, na watu wa stesheni ya utafiti wananunua chai yangu, kwa hivyo silali njaa.

Bwana Gicheru alikuja kunisalimu Jumatano. Ni yule mfanyabiashara wa Malili mwenye hisa nyingi. Yeye anapinga kuuza, anasema bei inayotolewa ni ya kutupa. Alikunywa chai vikombe viwili na akakaa kitambo. Aliniuliza kama watu wa Kyuso watakuja mkutanoni au watatuma karatasi za kura. Nikasema sijui.

Hakuna njia nyingine ya kupata hayo mahindi? Serikali haileti? Nauliza tu.

Na niambie ukweli, Shemeji, mnakula nini? Unaandika "hajambo", "tuko", kama mtu anayejaza fomu. Kaluki anapika nini jioni? Hilo ndilo nataka kujua.

Waringa


Kyuso,
30 Mei 1984

Kwako Shemeji Waringa,

Salamu. Umeuliza tunakula nini. Mwolyo, chakula cha msaada wa serikali, ulikuja mara moja, mahindi ya njano, kila nyumba vikombe vinne. Mengine ni majani ya porini na matunda ya mkuyu, tunayachemsha yasiume tumbo.

Ndani ya bahasha hii kubwa utakuta karatasi arobaini na sita za kupiga kura kwa niaba. Mguu wangu hauwezi safari ya Kiboko, na hakuna mwenye nauli. Wote wameandika jina lako uwe msemaji wao. Wengi wameweka kidole. Ya mwisho ni ya Kavata, yule mama mwenye sauti nzito kwenye kwaya. Aliweka kidole Jumanne, nikimshikilia mkono. Ijumaa tulimzika. Mwanawe anasema ni ukame, daktari angesema ni moyo. Sijui kama kura ya marehemu inahesabiwa. Nimeiweka kwa sababu alinikabidhi.

Wote wamesema tuuze. Tafadhali piga kura hivyo. Hisa za Nzuki ni zako, na sitakuelekeza uzitumie vipi. Najua ulitaka tungoje. Kama una sababu, nayo imebaki kwako, nakuomba unisamehe kwa kukupa mzigo huu. Sina mtu mwingine.

Kaluki anakusalimu.

Kilonzo


Kiboko,
25 Juni 1984

Shemeji Mwalimu,

Poleni kwa kifo cha Kavata. Namkumbuka kwenye mazishi ya Nzuki, yeye ndiye aliyeanza wimbo wakati wengine tuliposhindwa.

Mkutano ulifanyika juzi Jumamosi. Nitakueleza wote, ili uwasomee wenye karatasi.

Tulikaa ndani ya banda la ndege, watu kama mia na ishirini, viti vya kukodi kutoka kanisani. Mwenyekiti alisoma taarifa ndefu kwa Kiingereza, mpaka mzee mmoja wa Nzaui, jina lake Musembi, akasimama na kusema kama ni mazishi wayafanye kwa lugha ambayo wafiwa wanaielewa. Hapo karani akaanza kutafsiri.

Bwana Gicheru aliongea vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema kampuni hii ndiyo pekee iliyoanzishwa na watu wa huku, si Wazungu wala si serikali, na tukiiuza watoto wetu watatuuliza iko wapi. Alisema wanaotaka kununua wanakitaka kiwanja zaidi ya ndege. Watu wengi walipiga makofi. Hata mimi nilitaka kupiga.

Mzee Musembi akamjibu. Alisema mtu mwenye ghala anaweza kungoja mvua, lakini mwenye chungu kitupu hawezi. Aliye na nguvu ya kununua hisa mpya ainue mkono, akasema. Mikono iliyoinuliwa haikufika kumi.

Wakaniita kwa sababu ya karatasi zenu. Nilisimama mbele ya watu, nikasema nimetumwa na watu wa Kyuso. Nikawasomea majina, yote, moja baada ya jingine, na kila mmoja alitoa nini kununua hisa zake kama ulivyoandika nyuma ya karatasi. Mbuzi. Mbuzi wawili. Magunia matatu ya ndengu. Cherehani. Nilipofika kwa Kavata nilimwambia karani kwamba huyu amefariki. Akaiweka karatasi yake kando. Niliona ni afadhali nikuambie.

Kura za kuuza zilishinda, lakini kwa kura chache. Bila zenu zisingeshinda. Za Nzuki pia niliziweka hapo.

Fedha zitatumwa Agosti. Rubani yule kijana alikuja kunishika mkono, kisha akaenda kukaa ndani ya ndege peke yake.

Waringa


Kyuso,
2 Septemba 1984

Kwako Shemeji Waringa,

Hii ni barua ya tatu tangu mkutano, na mbili za kwanza hazijapata jibu. Labda zimepotea njiani. Natumaini kifua si sababu.

Fedha zilifika tarehe kumi na nne Agosti; katika sehemu yangu nilichanga kidogo tu, nyingine nimeiweka. Hazikuwa nyingi kama tulivyotumaini, lakini Kivuva alikwenda Kitale akarudi na lori limejaa. Tuligawa shuleni, darasa la sita, kila mtu akiitwa kwa jina. Sehemu ya Kavata kampuni iliitoa pia, nikampa mwanawe. Mbinya alinipa mkono bila kuniangalia. Wengine walichukua na kwenda. Sikutegemea shukrani, Shemeji. Nilitegemea labda mtu mmoja akae kwenye benchi yangu.

Kivuva anapeleka saruji Emali wiki ijayo. Nimempa debe la mahindi akuletee, abishe mlangoni pako. Ni kidogo, ni salamu tu.

Kaluki anakusalimu.

Kilonzo


Malili,
30 Septemba 1984

Shemeji Mwalimu,

Barua zako tatu zote nimezipata, zililetwa pamoja. Samahani kwa kimya.

Nimehamia Malili. Biashara ya chai ni nzuri zaidi hapa kwa sababu ya malori. Andika kwa anwani ya kanisa iliyo nyuma ya bahasha. Kivuva hakunikuta. Asante kwa mahindi, usihangaike kutuma mengine.

Niko salama.

Waringa


Kyuso,
14 Oktoba 1984

Kwako Shemeji Waringa,

Leo sitaanza na habari za mvua.

Kivuva amerudi na debe langu. Aliniambia alibisha kwenye nyumba ya mawe akafunguliwa na askari mlinzi. Akauliza mama mwenye nyumba yuko wapi. Mlinzi akamwambia hapakuwa na mama mwenye nyumba, nyumba zote nne ni za kampuni tangu mwanzo na zimeuzwa pamoja na kiwanja. Alisema mwanamke aliyekuwa akiishi humo alipewa siku saba mwezi wa saba. Alitoka na kitanda kimoja, masanduku mawili na kuku. Kivuva alisema hayo mbele ya watu dukani, naye hakujua ananifanya nini.

Kwa hivyo Nzuki hakujenga. Na wewe ulijua ukanyamaza miaka yote, ndugu yangu abaki mkubwa machoni pangu. Nami nikakutumia karatasi arobaini na sita ili ujitoe nyumbani kwa mkono wako mwenyewe.

Ungeniambia neno moja tu.

Lakini nani anamlaumu nani? Mimi pia nimekuwa nikikuandikia uongo. Kaluki hakusalimu, Shemeji. Kaluki hayuko hapa. Aliondoka tarehe nane Januari, akaenda kwa kaka yake huko Mutito. Mwaka ule wa 1969 niliuza ng'ombe wake wawili, wale aliopewa na mama yake, nikanunua hisa. Sikumwambia mpaka walipokuwa wameshapelekwa. Alivumilia miaka kumi na minne. Ukame ulipokuja, akasimama kwenye zizi tupu, akafunga nguo zake. Nilitia jina lake katika barua kwa sababu nikiliandika nyumba inakuwa na watu wawili.

Njoo Kyuso. Nyumba ina vyumba vitatu na mimi natumia kimoja. Hii ni yangu kweli, nimeijenga. Wewe ni mke wa ndugu yangu na hakuna atakayesema kitu. Kivuva anaweza kukubeba bila malipo.

Kilonzo


Malili,
11 Novemba 1984

Shemeji Mwalimu,

Mvua imeanza huku, natumaini na kwenu. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, ikabidi mtu mwingine aangalie maziwa.

Nzuki usimkasirikie. Alikusudia kujenga. Kila mwaka alisema mwaka ujao, na alikwisha kukuambia amejenga, akashindwa kurudi nyuma. Alinishika mkono hospitalini akasema, "Kilonzo asijue." Ndiyo sababu. Angekuwa ameniomba kitu kingine ningekuambia.

Bwana Gicheru siku ile ya chai aliniahidi kwamba kuuza kukishindwa, nyumba ingeandikwa kwa jina langu. Nilikuwa na karatasi zenu chini ya godoro siku kumi. Sitakudanganya kwamba sikufikiria. Jumamosi asubuhi nilizitoa nikazisoma ili nizipange, nikaanza kusoma yale ya nyuma, mbuzi na cherehani. Basi. Kwa hivyo hukunitoa nyumbani. Nilitoka mwenyewe.

Nina chumba kimoja nyuma ya hoteli ya Rahab, mama mmoja wa kutoka Murang'a kama mimi. Tunapika kuanzia saa kumi na moja asubuhi. Jioni nikifunga mlango sina wa kumwambia habari za mchana, na hilo ni kweli, sitalificha.

Jumanne iliyopita walipitisha ile ndege mbovu hapa barabarani, juu ya trela, wameitoa mabawa na kuyalaza kando yake. Lori lilisimama watu wapate chai. Wateja wote walitoka kuangalia. Dereva mmoja akasema chuma chakavu hicho. Nikamwambia injini ile mume wangu aliifungua na kuifunga mara thelathini, na haikuwahi kumwangusha mtu. Hakucheka. Alivua kofia yake. Nilimpa chai bure.

Sitakuja Kyuso. Asante, na nimelia kidogo kwa kuulizwa. Lakini nikikaa katika vyumba vile utatosheka na sauti ya mtu yeyote ndani ya nyumba, na hutaenda Mutito. Sehemu yako ya fedha najua hukuila. Najua pia ilikuwa ng'ombe wa nani. Nenda.

Waringa


Kyuso,
9 Desemba 1984

Kwako Shemeji Waringa,

Mvua imenyesha sana. Ndengu zimefika magotini na Ndululu anatembea shambani kama mtu aliyepona homa.

Nilikwenda Mutito Jumamosi iliyopita. Nilikuta Kaluki anapalilia na mke wa kaka yake. Aliweka jembe chini, akaninawisha mikono, akanipikia. Amezeeka, nami nikafikiri anaona hivyo hivyo kwangu. Nilipomaliza kula nikatoa bahasha, nikaiweka juu ya meza. Nikasema hii ni ya ng'ombe wako. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno hayo njia nzima.

Aliuliza kama wote wa Kyuso wameshapata. Nikasema wote, yeye ndiye wa mwisho. Akaichukua, akaifunga kwenye pindo la leso yake.

Alinisindikiza mpaka kituo cha basi, akienda polepole kwa ajili ya mguu wangu. Pale kituoni ndipo aliposema. "Mwalimu, mimi sikuondoka kwa sababu ya ng'ombe. Niliondoka kwa sababu hukuniuliza. Na leo umeweka pesa mezani kabla hujaniuliza nimeishije."

Nikamwambia nilingoja fedha zipatikane ndio nije, nisije mikono mitupu.

Akasema, "Ungekuja mikono mitupu mwezi wa pili, tungerudi wote."

Basi likafika. Nilipanda, yeye akabaki. Hakupunga mkono, lakini hakuondoka mpaka tulipopinda.

Sijui kama atarudi, Shemeji. Nimerudi kwenye nyumba yangu ya vyumba vitatu na nimelala vibaya siku nane. Jumamosi nakwenda tena Mutito. Sitabeba kitu chochote. Nitakaa chini nimuulize ameishije, halafu ninyamaze mpaka amalize kunieleza, hata kama basi la jioni litaniacha.

Kilonzo